Kuvisha Kitenge Kabati la Droo la Mtoto

Kabati la droo la mtoto linalotengenezwa na maseremala wa Lemara na kata za jirani jijini Arusha kwa kawaida ni la mbao ya paina au msipresi, miti inayopandwa kwa wingi kwenye mashamba ya misitu ya miteremko ya Meru. Hutoka kwa fundi likiwa limepigwa randa tu, bila rangi. Kulivisha kitambaa si kazi ngumu, ila ubora wake huamuliwa kabla kopo la gundi halijafunguliwa: katika kuchagua kitambaa, kukifua na kukikata.

Kitambaa kinachofaa ni kitenge. Khanga inapendeza, lakini ni nyepesi. Gundi huipenya na kuacha madoa. Tena mpangilio wake wa mji katikati, pindo pande zote na jina upande wa chini ulikusudiwa mwili wa mtu, na ukigawanywa kwa droo tatu maneno hubaki vipande visivyosomeka. Anayeipenda khanga atumie pindo lake peke yake, alikate utepe na kulibandika kwenye kingo. Kitenge ni kizito zaidi na ua lake hujirudia, kwa hiyo hustahimili kukatwa. Wala hakitafutwi mbali: kiwanda cha nguo cha Sunflag kipo Arusha tangu 1965, na soko la Kilombero halikosi vitenge.

Kitenge kipya huja na ugumu wa kiwandani unaozuia gundi kushika. Kifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kianikwe kivulini, kisha kipigwe pasi. Pamba ambayo haijafuliwa husinyaa ikilowa, na ni heri isinyae kwenye kamba kuliko juu ya droo.

Kwenye vipimo ndipo ufundi ulipo. Chukua kabati lenye upana wa sentimita 70, droo tatu za kimo cha sentimita 22, na vipande viwili vya fremu vya sentimita 2 kati yake. Uso wa mbele unaovishwa una kimo cha sentimita 70. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115 na yadi moja ni sentimita 91, hivyo yadi moja hutosha uso wa mbele pamoja na ziada ya kupunguza. Ubavu wenye kina cha sentimita 45 na kimo cha 85 ukiwekwa pembeni ya mwenzake huchukua sentimita 90, kwa hiyo yadi ya pili hutosha mbavu zote mbili. Juu paachwe mbao tupu iliyopakwa vanishi, kwa sababu hapo ndipo vikombe, mafuta ya kupaka na taa hukaa, na hakuna kitambaa kinachoweza kuvumilia hayo kwa muda mrefu.

Uso wa mbele usikatwe droo moja moja kutoka sehemu tofauti za kitenge. Kitandazwe kikiwa kizima, zichorwe kwa chaki droo na fremu kwa mpangilio wake kuanzia juu, ndipo kikatwe vipande vitano. Kwa njia hii ua linaloanza droo ya juu humalizikia droo ya kati. Kitenge cha nta kina rangi pande zote mbili, na vipande vyake hufanana mno. Kila kimoja kiandikwe namba na mshale wa kuelekea juu.

Vishikio vya droo huondolewa, kisha mbao hupigwa msasa namba 120 na kufutwa vumbi, jambo la lazima Arusha wakati wa kiangazi. Mafundo ya paina hutoa utomvu unaoweza kupenya kitambaa na kuacha doa la njano, hivyo yapakwe vanishi kwanza. Gundi nyeupe ya mbao, iliyolegezwa kidogo kwa maji, hupakwa kwenye mbao na si kwenye kitambaa. Kitambaa hulazwa kuanzia katikati na kusukumwa pembeni kwa kadi ya plastiki hadi viputo vya hewa vitoke. Uji wa muhogo nao hushika, lakini huita mende.

Ziada isikatwe ikiwa mbichi, maana kitambaa kibichi hufuata wembe. Kikikauka, wembe mpya hupita ukingoni mara moja na kuacha mstari safi. Kisikunjwe kuingia kwenye mbavu za droo: droo za maseremala wengi huingia ndani ya fremu kwa nafasi ya milimita chache, na masika ya Machi hadi Mei mbao huvimba. Mkunjo wa kitambaa na gundi hutosha kuifanya droo ikwame. Vanishi ya maji, mikono miwili, hufunga kazi.

Kabati jepesi lenye droo zilizovutwa zote humwangukia mtoto kwa urahisi. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilitaka makabati ya aina hii yapatayo milioni 29 yarudishwe huko Marekani baada ya watoto kufa. Kwa hiyo vishikio vikisharudishwa, mgongo wa kabati ufungwe ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu.

Kipande kikichanika, hulowekwa kwa kitambaa chenye maji ya moto hadi gundi ilainike, hubanduliwa, na kingine hukatwa kutoka kwenye masalio yaliyohifadhiwa.