Kinasa Skrini Kilichomo Kwenye Kompyuta: Kinanasa Nini, Kinaacha Nini

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake namna ya kujumlisha safu ya namba katika Excel hana haja ya kununua programu ya kurekodi skrini, wala kupakua ya wizi. Windows 10, Windows 11, macOS na matoleo ya Linux yanayotumia mazingira ya desktopu ya GNOME yote huja na kinasa skrini ndani yake. Lakini wengi hukijaribu mara moja, wakapata video bila sauti au dirisha moja tu, wakakata tamaa na kwenda kupakua programu kwenye tovuti wasizozijua, ambako virusi havikosekani. Ninachokiona mimi ni hiki: kila kinasa kiliundwa kwa kazi fulani, na mipaka yake inatokana na kazi hiyo. Ukijua kilikotoka, utajua mapema kitakukwamisha wapi.

Tuanze na Game Bar ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na G inafunguka. Windows, Alt na R kwa pamoja huanza kurekodi, na mchanganyiko huohuo husimamisha. Chombo hiki kilikusudiwa wachezaji wa michezo ya kompyuta, na mchezaji anahitaji dirisha moja tu la mchezo wake pamoja na sauti yake. Ndiyo maana Game Bar hunasa dirisha la programu moja, na inakataa kunasa desktopu au File Explorer. Mwalimu anayetaka kuanzia desktopu, afungue folda kisha aingie Excel, atakuta kitufe cha kurekodi kimefifia. Afanye kinyume: afungue faili la Excel kwanza, abonyeze ndani ya dirisha lake, ndipo aanze kurekodi. Ajihadhari na jambo moja: visanduku vinavyochomoza nje ya dirisha hilo vinaweza kukosekana kwenye video, hivyo avitaje kwa mdomo. Kazi ikiisha, faili la MP4 litakuwa kwenye folda ya Videos, ndani ya Captures.

Snipping Tool ya Windows 11 ina asili tofauti. Ilikuwa ya kupiga picha za skrini, na uwezo wa kurekodi video ukaongezwa mwaka 2023, mwanzoni bila sauti. Kwa kuwa ni chombo cha kukata picha, kinakutaka uchore mstatili, na kila kinachopita ndani ya mstatili huo kinaingia: desktopu, folda, madirisha mawili kwa pamoja. Kinaingia pia kile usichokitaka, kama ujumbe wa faragha unaojitokeza pembeni. Zima arifa kabla hujaanza. Mstatili haufuati dirisha, kwa hiyo ukishaanza usilisogeze.

Kwenye Mac, QuickTime Player imekuwa ikirekodi skrini tangu 2009, na toleo la Mojave la mwaka 2018 likaleta njia fupi ya Shift, Command na 5. Sehemu ya Options humo ilikuruhusu kuchagua maikrofoni tu. Sauti inayochezwa na kompyuta yenyewe haikuwa na pa kupitia. Anayefundisha kwa kuongea juu ya jedwali hapotezi kitu. Anayetaka kuonyesha klipu yenye sauti ndani ya somo anaweza kuambulia kimya. GNOME nayo hurekodi kwa Ctrl, Alt, Shift na R, na tangu toleo la 42 la mwaka 2022 kitufe cha Print Screen hufungua kidirisha cha kuchagua eneo. Hutoa faili la video lisilo na sauti, kwa hiyo sauti irekodiwe pembeni kwa simu. Piga kofi moja wakati uleule unapofungua menyu yoyote kwenye skrini. Sauti ya kofi na picha ya menyu vitakuonyesha mahali pa kuunganishia.

Ndani ya vinasa vyote hivi kuna kazi kubwa isiyoonekana. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na kila pikseli hubeba baiti 3 za rangi. Picha moja ni zaidi ya megabaiti 6. Ukichukua picha 30 kwa sekunde unafika karibu megabaiti 187 kila sekunde, zaidi ya gigabaiti 11 kwa dakika. Kinachookoa ni ubanaji kama ule wa H.264, kiwango kilichopitishwa mwaka 2003: huhifadhi picha nzima mara chache, na katikati yake huandika mabadiliko peke yake. Katika somo la Excel kinachobadilika ni kishale na seli moja, basi faili hubaki dogo. Game Bar huikabidhi kazi hiyo chipu ya picha, na ndiyo sababu kompyuta kongwe huambiwa haina kifaa kinachotakiwa.

Ubanaji huo una gharama, na mwalimu aijue. Kwa kawaida mwanga wa kila pikseli huhifadhiwa, lakini rangi moja hugawanywa kwa pikseli nne. Maandishi madogo mekundu juu ya bluu huvurugika kingo hadi hayasomeki. Andika kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, na ukuze jedwali kwa Ctrl na gurudumu la kipanya mpaka namba zisomeke kwenye simu, maana huko ndiko wanafunzi wengi watakakoitazama.

Hatari kubwa zaidi iko mwishoni. Faili la kawaida la MP4 lina faharasa inayoieleza programu ya kuchezea kila kipande cha picha na sauti kiko wapi, na faharasa hiyo huandikwa unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kwenye dakika ya 40, picha zote zinaweza kuwa zimo kwenye diski na faili lisifunguke hata hivyo. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, rekodi vipande vya dakika tano tano. Umeme ukikatika utapoteza kipande kimoja. Baadaye viunganishe kwa Clipchamp kwenye Windows 11, au QuickTime kwenye Mac.

Wakati wa kutuma, hesabu bando la mpokeaji. Video ya megabiti 2 kwa sekunde hufikia megabaiti 150 kwa dakika 10. Ukiituma WhatsApp kama video, itabanwa tena na namba za jedwali zitafifia; itume kama dokumenti ifike ilivyo.

Hakuna katika haya kinachohitaji fedha. Kinachohitajika ni kuchagua chombo kwa kuangalia somo: Game Bar kwa programu moja, Snipping Tool kwa madirisha mengi, simu pembeni pale sauti inapokosa njia. Walimu wetu wakilijua hili, mwanafunzi aliyekosa kipindi ataweza kulirudia somo kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwalimu wake, mara nyingi kadiri anavyohitaji.