Kupima Kisa cha Mhubiri Karagwe na Kyerwa

Kisa cha binafsi katika mahubiri hupimwa kwanza kwa kazi kinayoifanya kwenye somo la siku. Kisa bora kikiondolewa, sehemu ya somo hubaki gizani; dhaifu kikiondolewa, hakuna anayekikosa ila mhubiri mwenyewe.

Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera, desturi ya kujisimulia hadharani ni ya muda mrefu. Uamsho wa kiroho ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea hadi Kagera, ukawazoeza waumini kuungama na kushuhudia mbele za watu. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), iliyoanzishwa mwaka 1979, iliirithi desturi hiyo. Lakini ushuhuda hueleza Mungu alivyomtendea msemaji, na mahubiri hufafanua Neno. Asiyevitenganisha huhubiri kuokoka kwake kila Jumapili, mpaka washarika wanaweza kummalizia.

Kisa kizuri ni kifupi na kina ukweli wa shambani. Kwenye Yohana 15, mhubiri anaweza kueleza alivyoionea huruma mibuni yake asiipogoe, ikajaa majani na kuzaa kidogo, kisha akarudi mara moja kwenye mstari wa 2. Mbele ya wakulima wa kahawa, kisa cha kutunga hakifiki mbali: anayedai mavuno yake makuu yalikuwa Januari ameshajiumbua. Ubora hushuka pia pale msimuliaji anapokuwa shujaa wa kila kisa. Kosa lake dogo, likisemwa bila mbwembwe, hufundisha zaidi.

Kipimo kigumu zaidi ni siri za watu. “Mama mmoja mjane wa Nkwenda, mwenye duka karibu na soko” hajatajwa jina, ila kanisa zima limeshageukia benchi lake. Kuhusu magonjwa, tahadhari huongezeka: Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na nyumba nyingi zilizika vijana wao. Ruhusa ya mhusika haitoshi ikiwa kisa kinagusa ukoo. Mke na watoto wa mchungaji nao huombwa ruhusa, jambo linalosahaulika mno.

Msibani, kisa cha mhubiri kina nafasi ikiwa alimfahamu marehemu. Kama hakumfahamu, somo na pole kwa wafiwa vinatosha.