Kigango

Katika miji ya Wagiriama, bara ya Malindi na Kilifi, sijaona kazi ya mti yenye taadhima kukipita kigango, nacho ni ubao mrefu uliochongwa kwa mfano wa mtu, wenye kichwa cha duara, shingo nyembamba, na kiwiliwili bapa kisicho mikono wala miguu, unaosimikwa ardhini kuwa ukumbusho wa mzee marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu.

Fundi hupendelea muhuhu, mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Na kwa kuwa ugumu huo humkinza hata yeye, hana budi kustahimili, akiushushia tezo kidogo kidogo hata gogo likakubali kuwa ubao. Hapo ndipo aanzapo nakshi, pembetatu ndogo ndogo safu kwa safu, zilizochimbwa kwa kina kimoja ili jua la asubuhi na la alasiri lipate pa kuweka vivuli vyake, kisha akazitia rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Hashughuliki kuinakili sura ya marehemu, na ustadi wake wadhihiri hapo hasa: pua na midomo vilikwenda na mwili kaburini, ilhali kilichotakiwa kisimame ni hadhi ya mzee mbele ya wanawe.

Wana hao humwagia tembo la mnazi chini ya ubao, wakaisemesha koma, yaani roho, ya baba yao. Wakihama, kigango hakiwafuati, hubaki pale pale kikinyeshewa, hata kikarejea udongo, wala hapana aonaye kwamba kimepotea.

Vilivyopotea ni vile vilivyong'olewa usiku, vikauzwa kwa wapenda vitu vya kale, vikavuka bahari hata majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 jumba moja la Denver liliridhia kurudisha 30, jambo la kushukuriwa. Lakini kigango kisichojulikana kilitoka mji gani, kitasimikwa wapi?

Kitazame kimoja kikiwa kimeegemezwa ukutani, nawe utaona chini yake kipande kisicho nakshi wala rangi. Fundi hakukiacha hivyo kwa uvivu. Alikikusudia kuzikwa udongoni, kisionwe na mtu. Nami nakihesabu kipande hicho kuwa ndicho kilele cha sanaa yake, kwa sababu nakshi zote za juu zilichongwa kwa kutegemea kwamba hicho hakitaonekana kamwe.