Mashine ya Akiba Ikae Wapi? Mwongozo wa Kukagua Mashua ya Tanga

Mashua ya tanga iliyofungwa mashine ya akiba hukaguliwa kwa swali moja kabla ya mengine yote: mashine ikizimwa, chombo bado kinakwenda tanga kama zamani? Wanunuzi wengi huanza kuuliza ukubwa, kama ni ya nguvu za farasi 8, 15 au 25. Ukubwa una maana yake, ila mashine ya 15 iliyofungwa pabaya hupitwa na ya 8 iliyofungwa pazuri, maana propela inayomeza hewa haisukumi kitu.

Kwenye boti la faiba jambo ni jepesi: mashine hukaa katikati ya ubao wa nyuma. Kwenye mashua ya Lamu au Unguja hapo katikati pana mwenyewe, nao ni msukani. Fundi hubaki na njia tatu.

Ya kwanza ni kuifunga kwenye ubao wa tezi, kando ya msukani. Kwa mashua nyingi hapa ndipo pazuri kuliko pengine pote. Nahodha hukaa na kana mkono mmoja na mkono wa pili ukaufikia mpini wa mashine bila kuinuka. Kasoro yake ni kwamba tezi hupanda na kushuka kuliko katikati ya chombo, hivyo wimbi la mbele likiinyanyua, propela huweza kutoka majini. Peleka kana mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, huku mashine nayo ikigeuzwa. Kama propela inaweza kuugusa msukani hata mara moja, kataa kazi hiyo.

Ya pili ni boriti iliyolazwa juu ya chombo na kutokeza nje ya ubavu, mashine ikaning'inia pembeni. Huku wimbi halisumbui sana kama kwenye tezi. Adui ni kulala kwa chombo. Kikilalia upande wa mashine, kichwa cha mashine huogeshwa maji ya chumvi. Kikilalia upande wa pili, propela hubaki hewani. Boriti hiyo pia hugonga gati na vyombo vya jirani, na kamba ya demani hupenda kunasa hapo wakati wa kubisha. Ikubali kwenye chombo cha ncha mbili kama dau, kisicho na ubao wa tezi wa kushika mashine.

Ya tatu ni kisima kilichotobolewa ndani ya chombo, mbele ya tezi. Propela hukaa kwenye maji ya kutosha na mashine hukingwa. Lakini tundu hilo hukokota maji chombo kinapokwenda tanga, na moshi hurudi kwa abiria. Chombo kilichoundwa na kisima tangu mwanzo huweza kuwa kizuri sana. Kilichokatwa baadaye kiangalie ndani: ukikuta taruma limekatwa ili kupisha mashine, ondoka.

Halafu huja ubishi wa kulia au kushoto. Wapo wanaoshikilia kwamba mashine ikae upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ili isizame. Katika pwani yetu hoja hiyo haisimami, kwa kuwa kusi na kaskazi hupokezana kila mwaka, na hata ndani ya msimu mmoja upande wa joshi wakati wa kwenda huwa wa demani wakati wa kurudi. Tazama badala yake upande ambao chombo hulala gatini, na mashine iwe upande wa pili. Kumbuka pia kwamba mashine ya kulia huisukuma omo kushoto, na ya kushoto huisukuma kulia. Kadiri ilivyo mbali na katikati, ndivyo nahodha anavyoshindana na kana.

Sasa pima kina. Mashine huuzwa na mguu mfupi wa inchi 15, mrefu wa inchi 20, na mrefu zaidi wa inchi 25. Chombo kikiwa kitupu, kinapoelea juu kabisa, lile bapa lililo juu ya propela liwe chini ya maji angalau kwa upana wa kiganja. Kisha kipakie watu na mzigo, uone kama kichwa cha mashine bado kiko juu ya maji kwa nafasi ya kutosha. Anayepima hali moja tu amefanya nusu ya kazi.

Mbao nazo zina ushahidi wao. Mashine ya 15 ya mipigo miwili ina uzito wa takriban kilo 40, na ikiwaka huongeza msukumo na mtetemo. Kazi nzuri ina ubao mnene wa mti mgumu kama mbambakofi, unaopeleka nguvu kwenye mataruma, na umeshikwa kwa boliti zinazopenya hadi ndani na washa pana; misumari peke yake haitoshi. Shuka ngamani utazame nyuma ya boliti. Mchirizi wa maji au pamba ya kalafati iliyochomoza ni dalili kwamba mtetemo umeanza kufungua viungo. Angalia pia kama farumi imesogezwa mbele kidogo ili tezi isizame kwa uzito uliozidi.

Mashine inyanyuke yote juu ya maji na kujifunga hapo, kwa mkono wa mtu mmoja. Propela inayoburutwa hula mwendo wa tanga. Tena katika mkondo kama Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakipwa mashine isiyonyanyuka huwa ya kwanza kugusa chini. Watu wawili waweze kuitoa chomboni wakiwa wamesimama imara, maana mashine nyingi hulala nyumbani kwa mwenyewe usiku. Na iwe na kamba ya usalama, kwani skrubu za kubania hulegea.

Jaribio la mwisho halifanywi mbele ya gati. Nenda penye mawimbi, waambie watu wasogee omoni, kisha sikiliza. Mlio ukipanda ghafla huku chombo hakiongezi mwendo, propela inameza hewa. Tazama pia kama mashine inaendelea kutema maji ya kupoza. Halafu izime, inyanyue, tweka tanga na ubishe mara kadhaa kila upande. Kama kamba imenasa, kana imezuiwa au mwendo umepungua, mwambie fundi airudie kazi, na pesa iliyobaki usiitoe mpaka chombo kipite jaribio hilohilo.