Land Rover 109 Kuwa Gari la Ofisi: Namna ya Kuikagua

Kampuni ndogo ikiniuliza ni gari gani la kizamani inaweza kulifanyisha kazi kila wiki, badala ya kuliegesha mbele ya ofisi liwe pambo, nitaitajia Land Rover 109 Series III. Zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, na 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Idara za serikali, misheni, mashamba na hospitali za Tanzania na Kenya zilizitumia mno, ndiyo maana hadi leo ukiharibikiwa Arusha, Moshi au Iringa hukosi fundi anayeijua bila kufungua kitabu, wala duka la spea lenye bushi na springi zake. Kwa kampuni, hilo lina uzito kuliko umbo zuri au historia ya gari.

Ila Land Rover iliyofanya kazi miaka arobaini imepita kwa mafundi wengi. Kilichobaki cha kiwandani ni kidogo. Kingine chote kimekatwa, kimechomelewa, kimenyooshwa, kimebadilishwa. Kwa hiyo anayeikagua anakagua zaidi kazi ya hao mafundi. Akijifunza kuisoma kazi hiyo, rangi mpya na matairi mapya havitamdanganya.

Kabla hujaenda kuiona, amua itafanya kazi gani. Hoteli ya Lushoto inayowapokea wageni Mombo na kuwapandisha mlimani, shamba la kahawa la Karatu, kampuni ya upimaji ardhi inayolala porini: hizi zitaifaidi. Ofisi inayomtuma mtu Dar es Salaam kwenda Dodoma na kurudi, inunue gari jingine. Zaidi ya kilomita 80 kwa saa kelele zake zinachosha, breki zake ni za dramu magurudumu yote manne, na injini ya petroli ya 2,286 cc inakunywa mafuta bila aibu. Sipendi kuona gari zuri likichukiwa kwa sababu limepewa kazi isiyo yake.

Sasa tuingie uvunguni, kwa sababu thamani ya Land Rover iko huko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kiligawiwa kwa kipimo Uingereza, na Rover walipounda Land Rover ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1948, wakaamua bodi iwe ya aluminiamu. Uamuzi huo umewadanganya wanunuzi wengi hadi leo. Bodi haishiki kutu, mtu anaitazama, anaridhika, kumbe chasisi iliyo chini yake ni ya chuma. Tena chasisi yenyewe ni bomba la pembe nne lililoundwa kwa bamba nne zilizochomelewa kwenye kingo. Tope na maji vikiingia ndani havitoki upesi, na kutu inaanza kula kutokea ndani kuja nje. Ukiona tundu dogo kwa nje, jua ndani kumeshaliwa sehemu kubwa zaidi. Gari lililofanya kazi Tanga, Bagamoyo au Mombasa, karibu na chumvi ya bahari, likaguliwe kwa ukali zaidi kuliko lililokaa Babati.

Chukua nyundo ndogo na tochi. Gonga taratibu kwenye boriti ya nyuma inayokatiza kutoka upande hadi upande, pale inapofungwa ndoano ya kuvutia. Halafu mahali springi zinapokamatia, mbele na nyuma. Halafu mikono mifupi inayotoka pembeni ya chasisi kubeba bodi karibu na milango ya mbele. Chuma kizima kinalia kwa ukali na nyundo inaruka. Kilichooza kinatoa mlio mzito, uliokufa, na mara nyingine utasikia kutu ikimwagika ndani ya bomba. Ukikuta uvungu wote umepakwa lami nyeusi inayonukia upya, omba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu au nne utakazochagua mwenyewe. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Kiraka si dosari. Land Rover ya umri huu isiyo na kiraka hata kimoja ni adimu, na mimi huipenda ile inayoonyesha viraka vyake wazi. Muhimu ni kiraka kimewekwaje. Fundi mzuri hukata chuma kibovu chote mpaka akutane na kizima, akakwangua hadi king'ae, ndipo akachomelea. Mstari wake wa weldi ni tambarare, mawimbi yake yamelingana, na umeyeyukia kwenye bamba zote mbili. Fundi wa haraka hubandika bamba jipya juu ya kutu, na weldi yake inakaa juu juu kwa mafundomafundo, na pembeni yake utaona vitundu au mahali chuma kilipoungua hadi kikawa chembamba. Tazama pia umbo la kiraka. Mwenye ujuzi hukata ncha zake kwa mshazari au kwa umbo la almasi, ili uzito usikusanyike kwenye mstari mmoja. Kiraka kilichokatwa wima, kutoka juu hadi chini ya chasisi, kinatengeneza mahali pa kuvunjikia, na siku gari limebeba saruji kwenye barabara ya makorongo ndipo patakapoachia.

Chasisi ikiwa nzima, ipime unyoofu. Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, teremsha timazi kutoka kwenye pini ya springi ya mbele kushoto, tia alama ya chaki chini, fanya hivyo kwa pini ya mbele kulia na kwa zile mbili za nyuma. Sogeza gari, kisha pima kwa futi kamba mishazari yote miwili. Vipimo vikikaribiana kwa milimita chache, chasisi imenyooka. Vikitofautiana kwa sentimita, gari liliwahi kupinduka au kugongwa, na hakuna fundi wa bodi atakayelifanya liende moja kwa moja bila kula matairi. Kazi hii haichukui hata saa moja, na sijui kwa nini wanunuzi wengi wanairuka.

Inua mikeka ya mbele. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma, na unaoza pale miguu ya dereva inapokaa na chini ya nguzo za milango. Mlango unaohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge unaweza kuwa na bawaba zilizochoka tu, au nguzo nzima inashuka. Bonyeza chini ya nguzo kwa kidole gumba utajua.

Kwenye bodi, wakaguzi wa magari mengine huja na sumaku kutafuta puti. Hapa sumaku inafanya kazi kwa kinyume. Aluminiamu haishiki sumaku, iwe na puti au isiwe nayo. Lakini sumaku ikinasa kwenye bawa la mbele, basi kipande cha asili kimetupwa na mtu amekunja bati la kawaida mahali pake. Puti itafute kwa kugonga kwa kucha na kwa kutazama ubavu wa gari kwa mshazari jua likiwa bado chini. Mabonyeo ya kazi, mikwaruzo ya miiba na rangi iliyopauka visikusumbue. Kinachostahili hofu ni unga mweupe unaotokea aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye kingo na mistari ya boliti. Hapo metali hizo mbili zinalana, na rangi juu yake haisaidii kitu.

Injini ndiyo rahisi kuliko vyote, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse uhakikishe imepoa. Iwake, iache itulie, tazama moshi. Wa buluu ukiendelea injini ikishapata moto, ringi au vali zimechoka. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia. Ukipata iliyotengenezwa kuanzia 1980 ni bora zaidi, kwa kuwa kranki yake inashikwa na bearingi tano badala ya tatu. Kuvuja oili kidogo kusikukimbize, ila chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele kwenye zile tufe zinazong'aa za usukani. Zikiwa na vishimo vya kutu, sili mpya itakatika upesi na oili itaendelea kumwagika.

Giaboksi ya Series III inaingia gia zote nne za mbele bila kulazimisha, tofauti na matoleo ya kabla yake ambapo gia ya kwanza na ya pili zinahitaji dereva aliyefundishwa kuziingiza. Kwa gari la ofisi hilo ni jambo kubwa, maana madereva wa leo wamekulia kwenye otomatiki. Ipime kwenye mteremko: weka gia ya pili, achia mafuta, uiache ishuke kwa nguvu ya injini. Gia ikijirusha nje, giaboksi itafunguliwa. Kisha jaribu vishikio vya fo-wili, cha njano na chekundu, kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu magari mengi yamekaa miaka bila fo-wili kuguswa.

Nyingi zimewekewa injini ya dizeli ya gari jingine. Siwalaumu waliofanya hivyo; mafuta ni ghali. Nikiikuta nauliza mambo mawili tu: mabano ya injini yamechomelewa na mtu wa namna gani, na namba ya injini mpya imeingizwa kwenye kadi ya gari au la. Mtu binafsi anaweza kuishi na kadi isiyolingana. Kampuni haiwezi, kwa kuwa siku ya ajali mkaguzi wa bima ataanzia hapo.

Namba ya chasisi iko kwenye kibati ndani ya gari na imegongwa pia kwenye mkono wa springi ya mbele kulia. Safisha pale, isome, uilinganishe na kadi. Ukikuta pamesuguliwa kwa jiwe la grenda, funga boneti uage. Usitegemee kuagiza nyingine kutoka nje: Kenya hairuhusu kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Tanzania inatoza ushuru wa uchakavu. Gari lako liko tayari nchini, kwenye shamba fulani, misheni au mnada. Ukilipata, chukua bima kubwa, na kabla ya kusaini mlete mthamini apige picha za chasisi na kuandika thamani halisi ya soko, kwani kampuni za bima huwa zinaliona gari la umri huu kuwa chuma chakavu.

Kati ya iliyopakwa rangi jana na iliyopauka ambayo mwenyewe ana daftari la matengenezo lenye mafuta ya vidole, nitachukua ya pili hata kama bei ni ileile. Bei nayo isimalize bajeti. Tenga fedha za mwaka wa kwanza, na mkabidhi gari dereva mmoja. Mwingine akiliendesha, naye awe amefundishwa na huyo. Wiki ya kwanza lisitumwe popote. Dramu zote nne zifunguliwe, silinda za breki na mipira yake vibadilishwe, oili za injini, giaboksi na difu zimwagwe ziwekwe mpya, waya zilizoungwa kwa utepe zivutwe upya, na mikanda ya viti ifungwe kwenye chuma kizima. Baada ya hapo fundi aingie chini tena na tochi, akaze kila boliti ya springi, ndipo dereva apewe ufunguo na orodha ya safari.