Kutoka 300 Hadi 450

Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa za wanunuzi wa aina mbili. Pentium II ya megahezi 450 ilitangazwa kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149. Wenye uwezo walichukua ya kwanza. Baadhi ya waliobaki walichukua ya pili, wakaiendesha kwa megahezi 450 zilezile, na katika kazi nyingi za kila siku ilikuwa vigumu kuzitofautisha. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mali ya thamani iliyopatikana kwa bei chee. Mimi navutiwa zaidi na watu wenyewe, waliokuwa radhi kukesha wakibadilisha kitu kimoja, wakipima na kuandika, kisha wakigusa kingine.

Celeron za mwanzo, zilizotoka Aprili mwaka huohuo, zilidharauliwa, na kwa haki kabisa, kwani hazikuwa na kache ya ngazi ya pili hata kidogo. 300A ilirekebisha hilo kwa namna ambayo naamini iliwashangaza hata waliotunga bei yake. Ilipewa kilobaiti 128 tu, lakini zilikuwa ndani ya chipu yenyewe na zilikwenda sambamba na prosesa. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, ila zilikaa kwenye chipu za pembeni zilizokwenda kwa nusu ya kasi. Aliyetaka kuisukuma Pentium II mara nyingi alikuta chipu hizo za pembeni zikigoma wakati prosesa yenyewe bado ina pumzi. Mdogo hakuwa na mzigo huo.

Hesabu yake ni fupi. Prosesa hupata kasi yake kwa kuzidisha mapigo ya njia kuu ya bodi. Kizidisho cha 300A kilikuwa 4.5, nacho kilifungwa kiwandani, hakibadiliki. Njia kuu ikipiga megahezi 66 unapata 300, na ikipiga 100 unapata 450. Bodi za chipseti ya 440BX zilijengwa kuhimili hiyo 100 bila wasiwasi, mradi kumbukumbu iwe ya daraja la PC100.

Mtu asiyezoea angedhani busara ni kupanda taratibu: 75 kwanza, halafu 83, ndipo 100. Hapo ndipo fundi wa kweli alipojitenga na mbahatishaji. Kadi na diski zilipata mapigo yao kwa kugawanya yale ya njia kuu, nazo zilitengenezwa kwa megahezi 33. Kwenye 66 bodi hugawanya kwa mbili, na hesabu inatimia. Kwenye 83 iligawanya kwa mbili vilevile, diski ikalazimishwa kwenda zaidi ya 41, na mafaili yakaanza kuharibika kimyakimya. Kwenye 100 inagawanya kwa tatu, na diski inarudi kwenye 33 yake kana kwamba hakuna lililotokea. Haba na haba ya watu hawa ilivunja kibaba. Hatua kubwa ndiyo iliyokuwa salama.

Bodi ya Abit BH6 ilikuruhusu kuchagua yote haya kwenye skrini ya mipangilio, pamoja na volti, bila kufungua kasha. Nyingine zilijiamulia zenyewe: zilisoma pini moja ya prosesa, B21, zikajua ziende 66 au 100. Basi watu wakaiziba pini hiyo. Wa haraka walikata kipande chembamba cha selotepu, kikajikunja pale prosesa iliposukumwa kwenye mdomo wake, na pini ya jirani nayo ikakosa mguso. Waliotulia walitumia rangi ya kucha: tone dogo kwenye ncha ya kijiti, likapakwa B21 peke yake, likaachwa likauke kabisa. Likikosewa, linafutwa na kurudiwa.

Kisha linakuja suala la joto. Nguvu inayogeuka joto hupanda sawia na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. 300A iliandikiwa volti 2.0 na ilitoa chini ya wati 20. Ukiipeleka 450 kwa volti ileile, joto linaongezeka kwa nusu. Ukiiongezea volti hadi 2.2 ili itulie, unakaribia kulizidisha mara mbili. Ndiyo maana anayekimbilia kupandisha volti kila mashine inapoganda hanishangazi, ananichosha tu. Fundi anayejua kazi yake huongeza volti ili ifike, kisha hutumia siku zinazofuata kuipunguza hatua kwa hatua, akitafuta kiwango cha chini kabisa ambacho prosesa bado inakikubali.

Kabla ya volti, hata hivyo, hushughulika na kipoza joto. Kitako cha alumini kinachoonekana kimenyooka mara nyingi kina bonde katikati. Ili kuliona, fundi huchora mistari ya kalamu ya wino kwenye kitako chote, halafu hulaza msasa juu ya kipande cha kioo na kukisugua kitako hapo kwa uzito wa mkono tu, akikizungusha kila baada ya muda ili asipendelee upande mmoja. Wino hufutika kwanza pembeni. Pale unapobaki ndipo penye bonde. Husugua mpaka mistari yote iondoke, anahamia msasa laini zaidi, anachora upya. Mwishowe huosha kwa spiriti na kupaka pesti ya kupitisha joto, kidogo mno. Wengi huipaka kana kwamba joto linapita vizuri ndani yake. Alumini hupitisha joto vizuri zaidi kuliko pesti yoyote. Kazi ya pesti ni kufukuza hewa kwenye vishimo visivyoonekana, na ikizidi inageuka kizuizi.

Feni nayo ina mpaka ambao pesa haiununui: haiwezi kushusha joto chini ya hewa ya chumba. Prosesa iliyotulia kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya itakuwa na nyuzi 12 zaidi kwenye chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam mwezi Februari. Namba za mtu wa Ulaya hazikopeki. Lazima upime kwako, tena mchana.

Na kupima kwenyewe si kuwasha na kuona madirisha yakifunguka. Kompyuta ikiganda, angalau imesema ukweli. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikikosea hesabu moja kati ya mabilioni. Hapo Prime95 ilisaidia sana. Ni programu ya George Woltman, aliyeanzisha mwaka 1996 mradi wa kusaka namba tasa kubwa za aina ya Mersenne. Jaribio lake huikamua prosesa kwa hesabu nzito ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Jibu likitofautiana, linasimama na kukuambia. Mashine iliyocheza mchezo jioni nzima bila tatizo iliweza kuanguka hapo usiku wa manane, na mwenyewe akarudi kwenye volti, au kwenye wino na msasa.

Wapo waliopandisha njia kuu hadi 112 na kusoma 504 kwenye skrini. Chipu chache zilivumilia, na kwa mapigo hayo diski zilikuwa zimeshavuka 37. Baadhi yao walipiga picha ya skrini, wakarudisha 100, wakaendelea na kazi.

Anayezifufua mashine hizi leo hana budi kuanza mbali zaidi. Pesti imekauka ikawa vumbi, feni inakwaruza, na kapasita za bodi huenda zimevimba vichwa na zinahitaji kubadilishwa kwa chuma cha kulehemu kabla ya lolote. Baada ya hapo huiwasha mashine kwa 66, volti 2.0, na kuiacha Prime95 ifanye kazi usiku mzima kabla hajagusa chochote kingine.