Kitabu Kisicho na Maneno: Je, ni Fasihi?

Mtahiniwa akiulizwa maana ya fasihi hujibu bila kusita: ni sanaa itumiayo lugha kuwasilisha ujumbe. Jibu hilo lina alama zake na simkatazi kuliandika. Hata hivyo, nilipokipeleka kitabu Flashlight cha Lizi Boyd darasani hapa Matuu, fasili hiyo ilinipa taabu. Kitabu hicho, kilichochapishwa Marekani mwaka wa 2014, husimulia hadithi kwa picha pekee.

Ploti yake ni sahili. Mtoto anatoka hemani usiku akiwa na tochi. Kurasa ni nyeusi, vitu vimechorwa kwa kijivu, na rangi hujitokeza pale tu mwangaza unapoangukia. Mwangaza huo unafanya kazi ambayo katika riwaya hufanywa na msimulizi: kuteua tuone nini na tukose nini. Kisha mtoto anajikwaa, tochi inamponyoka, na wanyama wanaitwaa na kummulika yeye. Hiki ndicho kilele. Aliyekuwa akitazama sasa anatazamwa, kinaya ambacho kwa maneno kingenimalizia kipindi kizima.

Nina lalamiko moja. Giza la Boyd ni pole mno, na mtoto wake analiendea kwa hiari. Wanafunzi wangu wanalijua giza la kurauka kabla ya alfajiri kuteka maji. Nilipowataka wazisimulie picha zile kwa Kiswahili, msitu ulijaa aimu wa ngano za nyanya zao. Mmoja alianza kwa "Paukwa!" na darasa zima likamjibu. Mwingine, ambaye hafungui kinywa katika somo la ushairi, alisimulia ukurasa wa kujikwaa hadi kengele ikalia. Alimpa mtoto jina, akampa na kilio ambacho picha haiwezi kukichora.

Basi ni fasihi? Kikiwa rafuni, kwangu ni uchoraji wenye ploti. Kikipata fanani, hadhira na utendaji, sioni tunavyoweza kukinyima nafasi katika fasihi simulizi. (Mtahiniwa asiyapeleke haya katika Karatasi ya Tatu, mtahini ana mwongozo wake.)

Mwalimu asiyekipata kitabu hiki achore kwa chaki nyeupe, chaki za rangi aziweke kwa ajili ya mwangaza. Ubao wetu tayari ni mweusi.